Mark X ya 2006 inatoa moshi na kutetemeka kwenye D: niikimbie au niombe punguzo?

Fundi, shikamoo.

Nafanya kazi ya ofisi hapa Tanga, nakaa Chumbageni. Nina IST, lakini familia imeongezeka na safari za Korogwe na Dar zimekuwa za mara kwa mara, kwa hiyo nataka gari yenye nafasi na inayotulia barabarani. Nimepata Toyota Mark X ya 2006, cc 2500, nyeusi, chesisi inaanza na GRX120. Muuzaji yuko Raskazone, ni mtu wa pili kuimiliki hapa nchini. Anataka milioni 10, maongezi yapo.

Ukiiona inavutia. Viti havijachanika, kilomita zinasoma 98,000, injini imeoshwa mpaka inang'aa. Niliiendesha jioni moja kutoka Raskazone hadi Kange na kurudi. Mwendo ni mzuri, ila mambo matatu yamenitia wasiwasi. Ikisimama kwenye makutano ikiwa kwenye D, usukani unatetemeka. Nikiweka N mtetemo unapungua. Nilipokanyaga mafuta baada ya kusimama muda mrefu, nyuma pakatoka moshi. Muuzaji anasema ni unyevu wa bahari. Na giaboksi inashtuka kidogo ikirudi gia ya kwanza.

Fundi wangu wa mtaani anasema V6 ndivyo zilivyo, niweke oili nzito ya 20W-50 moshi utakata, na dawa ya kusafishia nozeli niimimine kwenye tangi. Shemeji anasema niachane nayo nichukue Crown Athlete ya 2005 kwa milioni 12, eti Crown ni ngumu zaidi. Mke wangu anasema nibaki na IST yangu.

Naomba uniambie, hizi ni dalili za kuikimbia au za kupunguzia bei? Na siku ya kwenda kuikagua, nianzie wapi?

Msomaji, Chumbageni, Tanga


Marahaba.

Tumalize kwanza la shemeji. Crown ya kizazi kile, cha 2003 hadi 2008, na Mark X ya GRX120, iliyotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2009, zimetoka tumbo moja. Crown ya cc 2500 inabeba injini ileile ya 4GR-FSE iliyo kwenye hiyo Mark X, na ya cc 3000 inabeba 3GR-FSE yenye tabia zilezile. Zikishafikisha umri huu, tofauti yake ni nani alizitunza, si jina lililobandikwa kwenye buti. Ongeza hizo milioni 2 ikiwa Crown imekaguliwa ikashinda, basi.

Sasa moshi, maana huo ndio utakaoamua ununuzi wako. Mengine yote uliyoyataja yana bei inayojulikana; hili halina. Mvuke wa asubuhi ni mweupe, hauna harufu, na hupotea injini ikipata moto. Wewe umeona moshi jioni, injini ikiwa ya moto, baada ya gari kusimama muda mrefu na kisha kukanyagwa. Bahari haihusiki hapo. Hiyo ni oili inayoungua, na rangi yake ukiitazama vizuri kwenye mwanga ni ya kibuluu, harufu yake inawasha pua.

Oili inaingia kwa njia mbili. Sili za valvu zikikauka, oili hudondoka taratibu wakati injini inasaga, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, ikakusanyika, kisha ukikanyaga inatoka wingu moja na kukata. Ringi za pistoni zikiganda, moshi hutoka kila unapoibebesha injini mzigo, na oili hupungua kwenye stiki wiki hadi wiki. Maelezo yako yanaelekea zaidi kwenye sili, lakini kwenye 4GR usiamini mpaka upime, kwa sababu ringi kuganda ni ugonjwa unaojulikana wa injini hii, na mara nyingi silinda ya tano, ile ya nyuma kabisa upande wa dereva, ndiyo hutangulia. Sili peke yake ni kazi ya gereji. Ringi ni kufungua injini nzima, na hapo fundi anaweza kukuta kuta za silinda zimekwaruzika, ukajikuta unatafuta injini ya mtumba ambayo nayo hujui imetoka wapi.

Kupima si kazi kubwa. Injini ikiwa ya moto, iache isage dakika 10 bila kuguswa. Mtu mmoja asimame nyuma ameshika karatasi nyeupe ya chooni kama sentimita 20 kutoka kwenye bomba, mwingine akanyage mpaka mizunguko 3,000 na kuachia, mara tatu. Karatasi ikibaki na matone meusi ya mafuta, umepata jibu la kwanza. Jibu la pili linatoka kwenye plagi. Fundi azitoe zote sita na kuzipanga kwa mpangilio wa silinda. Plagi safi ina ncha ya rangi ya kahawia hafifu. Iliyolowa, nyeusi, yenye ukoko mgumu, silinda yake inakula oili. Plagi zikiwa nje, afunge geji ya kompresheni, akanyage mafuta mpaka chini, azungushe stata mpaka sindano isipande tena, na aandike namba ya kila silinda. Namba yenyewe hubadilika na geji na hali ya betri, kwa hiyo kinachotazamwa ni tofauti: ikizidi baa 1 kati ya silinda iliyo juu na iliyo chini, kuna tatizo. Kisha atie kijiko cha oili kwenye silinda iliyo dhaifu na apime tena. Namba ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Muuzaji akikataa plagi zisitolewe, mshukuru kwa muda wake uondoke.

Kuhusu 20W-50, fundi wako hajasema uongo: moshi utapungua kweli, kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana wauzaji wanaipenda. Lakini injini hii imepangiwa 5W-30, takriban lita 6.3 pamoja na filta. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, inasukuma shafti za kamu kwa presha ya oili inayopita kwenye vichujio vyembamba na njia ndogo, na tensheni ya cheni inategemea presha hiyohiyo. Oili nzito inachelewa kufika asubuhi, na kila kuchelewa kunakula cheni na gia za VVT-i. Kwa hiyo siku ya ukaguzi vuta stiki, pangusa, vuta tena, sugua tone kati ya vidole. Ikiwa nzito na inanata kama imewekwa juzi, muulize ni namba gani na kwa nini. Fungua pia mfuniko wa oili utazame ndani kwa tochi ya simu. Rangi ya dhahabu au kahawia kwenye chuma ni ya kawaida kwa umri huu. Tope jeusi linaloshika kidole linaonyesha oili ilikuwa haibadilishwi kwa wakati.

Mtetemo kwenye D una wagombea watatu. Wa kwanza ni masizi. Injini za FSE hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli hata siku moja. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka sehemu ya chini ya injini unazipaka, unaungua, na baada ya miaka unakuwa ukoko mweusi unaozuia hewa. Injini baridi inasaga kwa kuchechemea, inamisi, halafu ikipata moto inatulia kiasi. Hapo ndipo ile dawa ya tangini inaposhindwa: inapita kwenye nozeli na kuingia kwenye silinda, valvu haizigusi. Nozeli zinaweza kufaidika; ukoko unabaki palepale. Kuondoa ukoko ni kufungua manifoldi ya hewa, kufunga valvu za silinda inayosafishwa, kumwaga dawa ya kusafishia kabureta, kuacha iloweke, kukwangua kwa brashi laini na kunyonya uchafu wote kabla ya kwenda silinda nyingine. Ni kazi ya siku nzima kwa fundi mvumilivu, na gasketi za manifoldi ziwe mpya. Ila kumbuka: ringi zikiwa zimekufa, ukoko utarudi haraka, na umesafisha bure.

Mgombea wa pili ni koili au plagi. Hapa mashine ya kupima inasema wazi: kodi P0300, yaani namba ya hitilafu, ni silinda kukosa kuwaka (kumisi) bila mpangilio, na P0301 hadi P0306 zinataja silinda yenyewe. Ikitoka P0305, fundi ahamishe koili ya tano kwenda ya tatu, aendeshe, apime tena. Kodi ikihamia P0303, ni koili. Ikibaki P0305, rudi kwenye plagi na kompresheni, na kumbuka niliyosema kuhusu silinda hiyo. Plagi zake ni za iridium zenye pengo la mm 1.1, zile za bei rahisi zenye ncha nene zinazouzwa kama orijino zitakurudisha gereji.

Wa tatu, na kwa sababu mtetemo unapungua ukiweka N huyu simwachi, ni mauntingi za injini, vishikizo vya mpira vinavyoibeba. Mpira wa miaka karibu 20 huwa umepasuka. Fungua boneti, breki ya mkono juu, mguu kwenye breki, asiwepo mtu mbele wala nyuma ya gari. Weka D, gusa mafuta kidogo, kisha R vilevile. Injini ikiinuka zaidi ya sentimita 2 au 3 au ikigonga, mauntingi zimekwisha. Hilo ni la kupunguzia bei tu.

Giaboksi. Mark X ya 2500 inayosukuma magurudumu ya nyuma ina gia sita na inatumia haidroliki (mafuta ya giaboksi) aina ya ATF WS. Haina stiki ya kupimia, na kwa sababu hiyo mafundi wengi hawaigusi, au wanamimina Dexron iliyopo dukani, au wanajaza kwa kukisia. Mshtuko mdogo ikirudi ya kwanza unaweza kuwa haidroliki kuukuu au pungufu. Kipimo chake kinafanywa hivi: gari iwe tambarare juu ya stendi nne au kwenye lifti, injini inasaga, gia zote zimepitishwa polepole kisha P, na mashine inasoma joto la haidroliki kati ya nyuzi 35 na 45. Fundi afungue bolti ya kufurikia chini ya sampu, bakuli la haidroliki lililo chini ya giaboksi. Ikidondoka mfululizo mwembamba na kukata, kiwango ni sawa. Isipotoka kitu, ni pungufu. Joto likiwa juu zaidi haidroliki imetanuka, itamwagika nyingi na utadhani imejaa kupita kiasi.

Chukua matone kwenye karatasi nyeupe. Kahawia inayopitisha mwanga ni ya kuukuu na inabadilishika. Kushusha sampu kunatoa lita 3 hivi, unarudia mara mbili au tatu kwa kuachana kilomita mia kadhaa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua na chembe zinazomeremeta, usiiguse na usiinunue. Wakati wa kuendesha, shika mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mguu umetulia, usikilize kama gari inatikisika kama inapita kwenye matuta madogo mfululizo. Hiyo ni klachi ya toku konveta, kiungo kati ya injini na giaboksi. Ukiweza kumshawishi muuzaji mpande Lushoto kutoka Mombo, ndiyo mtihani wa giaboksi na rejeta kuliko wote, ila ni mbali na wachache watakubali. Tanga hadi Muheza na kurudi inatosha.

Siku yenyewe, mwambie muuzaji tangu usiku kwamba utafika saa 12 na nusu asubuhi na asiiwashe wala asioshe injini. Ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Washa umeme bila kuwasha injini utazame dashibodi: taa ya injini, ABS na mfuko wa hewa lazima ziwake zote, kisha za ABS na mfuko wa hewa zizime baada ya sekunde chache, na ya injini izime injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa imetolewa au imeunganishwa kwa ujanja na taa nyingine. Washa injini kichwa kikiwa karibu na boneti. Mlio wa kukereza wa sekunde moja au mbili kisha kimya ni gia za VVT-i. Ukiendelea, ni cheni na tensheni yake, na hapo bei ibadilike sana. Harufu ya petroli mbichi juu ya injini usiichukulie kirahisi kwenye FSE, maana reli za mafuta zina presha kubwa. Anayenusa hiyo azime gari kwanza, maswali baadaye.

Pampu ya maji ya injini hizi za GR ina desturi ya kuvuja. Kulanti ya Toyota ni ya pinki, na ikivuja hukauka ikawa ukoko wa pinki kwenye pampu na kando ya pulei. Kwenye injini iliyooshwa hutauona, ndiyo maana unatazama tena baada ya kurudi kutoka Muheza. Fungua mfuniko wa rejeta ikiwa baridi kabisa: maji ya kutu maana yake imekuwa ikinywa maji ya bomba, na kichwa cha aluminiamu hakipendi hivyo. Baada ya safari, iache isage dakika 15 na AC juu. Sindano ya joto hukaa chini kidogo ya katikati na huchelewa kusema ukweli, kwa hiyo soma joto kwenye mashine. Ikipita 100 na bado inapanda huku feni hazijaongeza kasi, simamisha zoezi.

Huku kwetu kuna kutu ya aina mbili. Moja inakuja na gari: magari yaliyotumika mikoa ya theluji ya Japani hupita kwenye chumvi ya barabarani msimu mzima, na hujificha kwenye kingo za chini ya milango na pale sospensheni ya nyuma inapofungwa. Nyingine ni ya hewa ya bahari, na gari ya Raskazone inaipata kila usiku. Pini za breki hukwama, pedi moja ikaisha nyingine ikabaki nene. Waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi hupata ukungu wa kijani, taa zikaanza vituko ambavyo fundi umeme atavitafuta kwa siku tatu. Gonga chini ya gari kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya udongo.

Ukiwa chini hapo, tazama kama imenyanyuliwa kwa spesa. Ni kawaida kwa sababu ya barabara zetu za ndani, ila spesa nene hupindua pembe za mikono ya sospensheni, boljointi na bushi zinakufa mapema, na tairi zinalika upande wa ndani. Bushi za nyuma za mikono ya chini ya mbele huwa zimechanika kwenye gari hizi hata bila spesa. Ukifunga breki kwa nguvu usukani unavuta upande. Tairi zenyewe soma tarehe ubavuni: tarakimu nne, 2219 ni wiki ya 22 ya mwaka 2019.

Kilomita 98,000 kwa gari ya 2006? Zipo, lakini omba kuona nakala ya cheti cha kuisafirisha kutoka Japani, ambacho huandikwa kilomita. Kisha linganisha na mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani. Vuta mkanda wa kiti cha mbele mpaka mwisho. Doa la maji au mchanga kwenye kipande kisichotoka kila siku ni ishara ya gari iliyozama.

Karatasi ni fupi: namba iliyogongwa kwenye chuma cha bodi ifanane na kadi, jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, na uangalie faini kwenye mfumo wa TMS wa polisi na deni la maegesho la TARURA kwa namba ya gari kabla hela haijatoka mkononi.

Mkeo, kwa upande wa petroli, ana hoja. V6 ya 2500 mjini usiitegemee kukupa zaidi ya kilomita 7 hadi 9 kwa lita, na ya GRX120 ilipangiwa petroli ya oktini ya juu. Kama safari zako nyingi ni Chumbageni hadi ofisini, IST ibaki ya kazi za mjini.

Kwa hiyo: kompresheni mbovu, haidroliki iliyoungua, joto lisiloshikika, kutu ya kwenye mihimili au dalili za kuzama, iache hata akishusha hadi milioni 6. Sili za valvu, masizi, mauntingi, koili, pampu ya maji, bushi: uliza bei ya spea na ufundi kwenye maduka mawili ya Ngamiani, jumlisha, ongeza robo juu yake kwa yatakayojitokeza, ndipo utoe kwenye milioni 10 yake. Ukiinunua, mwaga oili iliyomo, weka 5W-30 na filta mpya, andika kiwango cha stiki na kilomita siku hiyo, na pima tena kila kilomita 250. Ikila zaidi ya lita moja ndani ya 1,000, anza kutenga fedha za ringi kabla katalaita, kichujio cha moshi kwenye egzosi, haijaziba.